Regina binti Nkuba na Mwari wa Ihefu

Regina Nkuba Maganga. Regina alipewa na padre siku ya ubatizo, Nkuba ni baba yake mzazi, Maganga ni babu yake. Majina haya hayatajwi matupu. Maganga ndiye aliyejenga wa kwanza mkabala na mwamba wa ndege, kule ziwani Usukuma, mwamba mweupe kwa mavi ya mnandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, hata mgeni akidhani umepakwa chokaa. Walipokuja watu watatu na vikapu kuiba mayai, Maganga alipigana nao kwa kasia. Yeye alipoteza jino la mbele, wao walipoteza mtumbwi. Nkuba naye, mwaka ule wa njaa ambao watu walichimba mizizi, alikaa siku tisa juu ya mwamba huo huo akilinda mayai na tumbo lake likiwa tupu, na hakula hata moja. Wapo waliomwita mjinga. Waliomwita mjinga walikufa na majina yao hayajulikani.

Regina hakuwa na kaka. Akiwa na miaka kumi na miwili, darasa la nne, baba yake aliugua mgongo, na binti akapiga kasia peke yake kwenda mwambani kila asubuhi kabla ya shule, akahesabu viota, akarudi, akaeleza idadi kitandani kwa baba. Mwalimu alimchapa kwa kuchelewa. Alichapwa msimu mzima na hakueleza sababu, maana haikumhusu mwalimu.

Mwaka wa sabini na mbili alitembea kwa miguu yake nyuma ya ng'ombe wa mumewe, Masunga, kutoka huko kaskazini mpaka mbuga za Usangu. Miezi minne. Ndama aliyezaliwa njiani, ni yeye Regina aliyembeba mabegani siku mbili nzima. Huyo ndiye Regina, ili anayesoma asije akadhani tunamsimulia mtu wa hivi hivi.

Usangu ilimpokea vibaya. Si watu. Watu walimsalimia vizuri tu, "kamwene", naye akajibu "mwangaluka", kila mmoja akabaki na salamu yake. Ni nchi yenyewe. Ilikuwa tambarare, haina jiwe. Mtu aliyekulia kwenye mawe ya Usukuma akiangalia mahali pasipo na jiwe hata moja hajui aegemeze wapi macho. Wengine walilima mpunga, naye alizoea mtama. Alikuwa na kibuyu cha mbegu ya mtama wa kwao, akapanda vijimistari nyuma ya nyumba, majirani wakapita wakicheka, kwamba mwanamke wa Kisukuma anafuga kweleakwelea, ndege wala nafaka.

Masunga alikufa kwa homa mwaka wa sabini na nne. Hawakuwa na mtoto. Ndugu zake wakakaa kikao, wakamwambia shemeji mkubwa atamrithi, kisha wote wataondoka na ng'ombe kwenda upande wa Rukwa.

"Mimi si sufuria," Regina akawaambia, "nihamishwe pamoja na vyombo."

Wakaondoka na ng'ombe. Vumbi lao lilionekana mpaka mchana, halafu halikuonekana tena. Mwaka huohuo watu walikuwa wanapangwa kwenye vijiji, naye akagawiwa kiwanja cha mwisho kabisa, ambapo mstari wa nyumba unakutana na majani ya bwawa. Wengine walinung'unikia viwanja vyao. Yeye hakunung'unika, kwa sababu kutoka mlangoni pake alikuwa ameona kitu ambacho hakumwambia mtu.

Mvua zikijaa, bwawa la Ihefu hugeuka ziwa. Majani yote huzama, na katikati ya maji hubaki kisiwa kimoja chenye migunga michache na matete yaliyolala. Juu ya kisiwa hicho, mwezi wa tano, palikuwa na weupe. Regina alisimama mlangoni akakinga jua kwa kiganja. Ule weupe ukanyanyuka, ukazunguka, ukatua. Walikuwa mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo. Si mnandi wa kwao. Lakini ni ndege, wako kisiwani, wanataga. Akaketi kizingitini akalia, jambo ambalo siku ya mazishi ya Masunga hakulifanya mbele za watu.

Ndivyo alivyobaki Usangu. Watu walisema amebaki kwa ukaidi. Walisema amebaki kwa kuwa hana pa kwenda. Hakuna aliyeuliza.

Mtumbwi ulikuwa wa Ikupa. Huyu alikuwa mwanamke wa Kinyakyusa, mjane kijana, mnene wa sauti, aliyenunua kambale kwa wavuvi, akawakausha kwa moshi na kuwapeleka Rujewa, na mara nyingine mpaka Iringa mjini. Walielewana hivi: Regina amchochelee moto wa kukaushia samaki alasiri, na Ikupa ampeleke asubuhi kuangalia ndege. Kila siku ilianza kwa maneno yale yale.

"Ugonile, shangazi! Umeamka kuwaona wakweo?"

"Sukuma mtumbwi, mwanamke. Kelele zako zinafukuza samaki."

"Samaki wangu wameshakufa, hawana pa kukimbilia."

Ikupa alisimama nyuma na upondo, akisukuma polepole katikati ya matete, mpaka mahali ambapo matete yanaisha na maji kuwa wazi. Hapo walisimama. Kutoka hapo hadi kisiwani ni kama kutoka kanisani hadi sokoni, mtu akiita unasikia lakini hushiki neno. Regina alihesabu kwa Kisukuma. Kiswahili alikijua vizuri, alikisomea, lakini idadi ya ndege ilikataa kumtoka kwa Kiswahili. Aliangalia dume na jike wakipokezana juu ya mayai, yule anayetoka akinyoosha bawa kama mtu aliyekaa sana kwenye benchi. Aliangalia vifaranga, wa rangi ya waridi na wabaya wa sura, kisha weusi, kisha wakubwa, wakiingiza kichwa chote ndani ya koo la mzazi kutafuta samaki. Akirudi nyumbani hakuwa na wa kumweleza idadi. Alisema mwenyewe, kwa sauti, akigeukia upande wa kitanda kilichokuwa wazi: "Leo sitini na mbili."

Watoto wa kijiji wakamwita Mama Ndege. Neno hilo lilimchoma, maana mwenzake aliitwa Mama Tekla, mwingine Mama Yohane. Lakini aliitika. Siku zingine hakuwa na jina lingine la kuitikia mpaka jua linazama.

Mwaka wa sabini na saba mvua zilikuwa nyingi kupita zote. Mwezi wa tano Regina alihesabu viota tisini na vinne. Akahesabu upya. Tisini na vinne. Hata mwamba wa baba yake haukuwahi kufika hapo. Moyo ukamjaa akasahau yuko nchi gani.

Kwao kulikuwa na desturi ya ukoo. Ndege wakishatulia kwenye viota, mkubwa wa nyumba huenda mwambani na mtama, akaumwaga kiganja kwa kiganja chini ya viota, ili waliotangulia wajue kwamba zamu imeshikwa. Maganga alifanya, Nkuba alifanya. Regina hakuwahi, kwa kuwa alikuwa binti, kisha mke wa mtu. Sasa mkubwa wa nyumba alikuwa nani kama si yeye?

Akachukua kibuyu.

"Leo unipeleke mpaka kisiwani kwenyewe," akamwambia Ikupa.

Ikupa akashusha upondo. "Shangazi, kule hatukanyagi."

"Nani kakataza?"

"Hakuna aliyekataza. Hakuna tu anayekanyaga."

"Basi mimi nitakanyaga. Ukoo wangu umekanyaga visiwa vya ndege kabla wewe hujazaliwa."

Wakaenda. Mwari wakainuka wote kwa mara moja, mabawa yakapiga kama watu mia wanaokung'uta mikeka, wakazunguka juu. Regina alishuka, maji magotini, akapanda nchi kavu, akazunguka kisiwa, akamwaga mtama kiganja kwa kiganja, akitaja: Maganga, Nkuba, Maganga, Nkuba. Mwisho akataja Regina. Aliporudi mtumbwini uso wake ulikuwa wa msichana. Ikupa alitaka kutania, akaacha.

Wiki ya pili viota vilikuwa themanini. Wiki ya tatu, hamsini na kitu. Regina hakulala vizuri. Kila asubuhi sasa alimtaka Ikupa asogee karibu zaidi, aone kuna nini. Aliona maganda ya mayai. Aliona viota vitupu. Na mara mbili, akitazama kutoka nyumbani, aliona mtumbwi wa Ezekia ukipita upande ule.

Ezekia alikuwa mvuvi, Msangu wa pale pale, mtu mrefu asiyependa kusema. Basi Regina, bila kumuuliza neno, akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Kalinga, akamshitaki Ezekia kwamba anakula mayai ya mwari.

Mzee Kalinga aliwaita barazani siku ya Jumapili baada ya misa. Watu wakajaa, maana hakukuwa na kesi nyingine wiki ile.

"Ezekia," akasema, "mama huyu anasema unaiba mayai."

"Mayai ya nani?"

"Ya mwari."

Ezekia akamtazama Regina. "Yana ladha gani?" akamuuliza. "Niambie wewe uliyezoea visiwa. Mimi nimezaliwa hapa na sijawahi kuyaonja."

Watu wakacheka. Regina akasimama wima. "Nimeuona mtumbwi wako."

"Umeuona. Ndiyo njia ya kwenda kwenye nyavu zangu. Baba yangu alipita hapo hapo. Mzee Kalinga, sina maneno mengi. Kesho nimchukue huyu mama mchana kweupe, aone mwenyewe. Akiona mwizi ni mimi, nyavu zangu ziwe zake."

Kesho yake wakaenda, Ezekia mbele na upondo, Regina katikati, Ikupa nyuma kama shahidi. Ezekia alisimamisha mtumbwi mbali, ndani ya matete, mbali kuliko Regina alivyozoea. "Tukae," akasema, akatoa kipande cha muhogo akaanza kutafuna.

Walikaa mpaka jua likasogea. Mwari walikuwa wametulia juu ya mayai, wachache, kila mmoja na upweke wake. Ndipo wakaja kunguru, wale wenye shingo nyeupe, si wawili watatu, bali kundi. Walitua chini ya migunga wakaanza kudonoa ardhini. Walidonoa kwa raha, kama watu waliozoea meza. Waliposhiba cha chini, mmoja akatembea kwa miguu mpaka kwenye kiota kilicho pembeni.

"Sasa angalia," Ezekia akasema. Akausukuma mtumbwi mbele, mpaka pale pale Regina alipozoea kumwagiza Ikupa afike siku hizo za mwisho. Mwari wakaona watu, wakainuka. Viota vikabaki wazi. Kunguru hawakuinuka. Kunguru waliingia.

Regina alifungua kinywa kupiga kelele, Ezekia akamshika mkono. "Ukipiga kelele hawatarudi kabisa."

Akarudisha mtumbwi nyuma haraka. Polepole mwari wakaanza kushuka. Siyo wote.

"Na lile ni nini?" Ezekia akauliza, akionyesha kwa kidevu. Chini ya migunga, kuzunguka kisiwa, palikuwa na majani mabichi yaliyofika magotini, yameota mafungu mafungu, kama mbegu ilivyomwagwa kiganja kwa kiganja. "Mimi napanda mpunga. Mzee Kalinga anapanda mpunga. Kijiji kizima kinapanda mpunga. Ule ni mtama, mama. Nani kapanda mtama kwenye kisiwa cha mwari?"

Ikupa, kule nyuma, akainama akaanza kuchota maji yaliyoingia mtumbwini.

Mwambani kwa baba yake Regina mawimbi yalipiga usiku na mchana. Mtama uliomwagwa asubuhi, jioni jiwe lilikuwa safi. Na mnandi wa kule walizoea watu, ukiwapita wanakupigia kelele tu bila kuondoka. Hakuwahi kufikiria kwamba jiwe ndilo lililokuwa likifanya kazi. Alidhani ni ukoo.

Walirudi. Walipofika ukingoni Regina akasema, "Mwambieni Mzee Kalinga awaite watu wale wale. Wote waliosikia."

"Shangazi, si lazima," Ikupa akasema. "Mimi na Ezekia tunajua, yatosha."

"Nilimshitaki mbele za watu. Nimsafishe kichochoroni?"

Basi wakakusanyika, na hiyo ndiyo kazi iliyomlemea kuliko kumbeba ndama. Alisimama katikati ya baraza akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mwizi wa mayai ni mimi," akasema. "Nilipeleka mtama. Mtama ukaita kunguru. Nikaenda kuwaangalia kila siku karibu zaidi na zaidi, nikawainua mwari, kunguru wakapata nafasi. Vilikuwa viota tisini na vinne. Sasa ni thelathini na kimoja. Ezekia hana kosa. Ezekia, nisamehe."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe Mama Ndege ndiye kunguru!" na wengine wakacheka, kisha wakaona hachekeshwi, wakaacha.

Ezekia alisimama. "Yamekwisha, mama. Lakini nikwambie kitu, usikasirike. Hawa ndege wako hapa tangu babu zetu. Hatukuwalinda. Hatukuwahesabu. Hatukuwapenda wala kuwachukia, tuliwapita mbali tu. Wamedumu kwa sababu hakuna aliyewapenda kama wewe."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya. Regina aliitikia kwa kichwa, akaondoka barazani, akapita nyumba zote za mstari mpaka ya mwisho, akaingia, akakaa. Hapakuwa na idadi ya kusema jioni ile.

Siku tatu hakutoka. Siku ya nne alasiri alikwenda mwenyewe kwa Ikupa, akamkuta anapasua kambale kwenye ubao, utumbo unatupwa pembeni, na kunguru wawili wanaruka ruka karibu wakingoja.

"Mwangaluka," Regina akasema.

"Ugonile. Nilidhani umekufa, nikaanza kuangalia sufuria yako ipi nichukue."

"Ile kubwa inavuja." Regina akaketi juu ya kigogo. Alikaa akiwaangalia wale kunguru wakigombea utumbo. "Ikupa, hawa wanatoka kisiwani?"

"Watakuwa hao hao. Wakisikia harufu wanakuja mbio. Nikimaliza, wanaondoka."

"Na kama usipomaliza?"

Ikupa akasimamisha kisu. "Unataka kusema nini, shangazi?"

"Bado siku ishirini na tano, labda thelathini, mayai yaliyobaki yaanguliwe na watoto wafunikwe manyoya. Nataka upasue samaki wako asubuhi, si alasiri. Tena si hapa. Upasue kule kwenye kichuguu, upande wa pili kabisa, mbali na kisiwa. Asubuhi upasue nusu, mchana upasue nusu. Utumbo usiufukie. Waache kunguru washibe huko."

"Kunguru wa kijiji kizima watanijua kwa jina."

"Wakujue. Na mtumbwi wako usipite tena upande wa kisiwa. Ezekia na wenzake wavuvi uwaombe wewe, wewe ndiye unayejua kucheka nao. Siku moja katika wiki, moja tu, uende mpaka kwenye matete pale aliposimama Ezekia, usisogee hatua, uhesabu, urudi."

"Mimi? Shangazi, mimi sijui hata jike na dume."

"Hesabu vichwa vyeupe vilivyolala chini. Kama unavyohesabu samaki."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu."

Ikupa alifuta mikono kwenye kanga yake akamtazama. Alikuwa na kichekesho mdomoni, ilionekana, akakimeza. "Huu ni ulinzi wa ukoo wenu," akasema. "Maganga, Nkuba. Nilikusikia ukiwataja siku ile. Mimi ni Mnyakyusa wa samaki."

"Ukoo wetu unaishia kwangu. Na mimi nimewaua ndege wengi kuliko wale watu watatu wa vikapu." Alisema bila kulia, kama mtu anayetaja tarehe. "Wewe hukupenda hata kwenda. Kwa hiyo ni wewe."

Upepo ulitoka bwawani, ukaleta harufu ya matope na, kwa mbali sana, mkoromo wa mwari. Wote wawili waliusikia. Regina hakugeuza shingo.

"Kuna jambo lingine," akasema. "Najijua. Nitakuja. Nitakuja asubuhi moja nikiwa nimeoga, nimevaa vizuri, nikuambie nataka kuwaona kidogo tu, kwa mbali. Nitakupa sababu nzuri. Nitakuomba kwa jina la mama yako. Hata nikilia, usinipe mtumbwi."

"Nitakukatalia?"

"Utanikatalia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, hizo nyingine ni nyepesi. Siku mtoto wa kwanza akiruka, ndipo uje mlangoni uniambie."

Ikupa alikuwa bado na kisu mkononi, kunguru wakimsogelea miguuni.

"Na wasiporuka?" akauliza.

"Uje vilevile," Regina akasema.